Barua ya wazi kwa Msimamizi Mkuu wa Hakimiliki

Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA),
Dar es Salaam.

YAH: ELIMU YA HAKIMILIKI KWA WANAOPANDISHA VIDEO YOUTUBE

Ndugu Msimamizi,

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 watu wanaisikia, walau kwa jina. Wasichokijua ni kilichowapata pale wanaposema "nimepigwa kopirait". Msemo huo unabeba mambo mawili tofauti, na wanaoyachanganya ndio wanaopoteza chaneli.

La kwanza ni dai la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo na video zilizosajiliwa na wenyewe. Mpiga picha wa harusi anapandisha video ya bibi harusi akiingia ukumbini, nyuma unalia wimbo wa Bongo Fleva. Mfumo unautambua wimbo bila mtu kulalamika. Mara nyingi video inabaki hewani, ila fedha za matangazo zinakwenda kwa mwenye wimbo, na chaneli haihesabiwi kosa. Anayetaka mapato yake aingie YouTube Studio, sehemu ya kusimamia chaneli, akate kipande hicho, azime wimbo au aubadilishe. Kufuta video nzima kwa woga ni kutupa watazamaji bure.

La pili ni straiki: mwenye kazi ameomba kisheria video iondolewe. Inaisha baada ya siku 90, mradi mhusika amalize Shule ya Hakimiliki ya YouTube. Zikifika tatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa na video zake zote zikaondoka. Kuifuta video iliyopigwa hakuondoi straiki. Njia fupi ni kumwendea mlalamikaji aliondoe ombi lake.

Hapa ndipo tunapoomba mkazie. Kupinga dai la Content ID ni jambo jepesi: mlalamikaji ana siku 30 za kujibu, akinyamaza dai linakufa. Pingamizi likiwekwa ndani ya siku 5, mapato yanashikiliwa tangu siku ya dai. Kupinga straiki ni habari nyingine kabisa. Fomu yake inadai jina kamili na anwani, na mlalamikaji anapelekewa. Aliye nje ya Marekani anakubali mamlaka ya mahakama ya huko YouTube iliko, yaani California. Mlalamikaji naye anapewa siku 10 za kazi aonyeshe amefungua kesi. Kijana wa Mbagala anabonyeza kwa hasira, hajui ametia sahihi nini.

Zile imani za "sekunde kumi hazina shida" au "nimemtaja mwenye wimbo" zifutwe tu, hazimlindi mtu.

Gumu zaidi ni biti, yaani mdundo wa wimbo. Prodyuza anawauzia wasanii wawili biti ileile. Msambazaji wa msanii wa kwanza, anayempelekea nyimbo zake mitandaoni, anausajili wimbo Content ID, na wa pili akipandisha wimbo wake mwenyewe anapigwa dai. YouTube inataka kinachosajiliwa mle kiwe cha haki ya pekee, kwa hiyo kosa liko kwenye usajili. Lakini bila karatasi, msanii wa pili atathibitishaje?

Tunaomba basi mtoe mkataba wa mfano wa biti, kurasa mbili zinatosha, kwa Kiswahili, unaosema kama haki ni ya pekee au la, nani anaruhusiwa kusajili Content ID, mapato yanagawanywaje, na nani ataondoa dai likitokea kimakosa, ndani ya siku ngapi.

Wenu,
Wahariri wa video na wasimamizi wa chaneli