Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha za Chapa za Kale na Kuta za Nyumba Zetu

Ndugu wanachama, wazee wetu walezi, na wageni mliotoka Mikindani, Masasi na Kilwa kuja kukaa nasi hapa Lindi, amani iwe kwenu nyote.

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ninawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha wakusanyaji wa picha za chapa za kale, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi kutoka kwenye jiwe, bamba au ubao, kwa mwaka uliokwisha. Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tupunguze kasi ya kununua, tuelekeze nguvu katika kuzitunza na kuzifahamu picha ambazo tayari zimo majumbani mwetu. Agizo hilo ndilo lililotawala mwaka mzima, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Mambo ya ada na vikao nitayagusia tu, kwa kuwa Katibu na Mhazini watayatolea hesabu wenyewe.

Wajumbe wa kamati waligawana mitaa na kuwatembelea wanachama waliotukaribisha, kuanzia nyumba za mawe za Mikindani hadi nyumba za matofali za Mtwara mjini na hapa Lindi. Tulikuta hazina kubwa kuliko tulivyodhani. Zipo ramani za bahari za Uingereza zinazotokana na upimaji wa pwani alioufanya Kapteni William Owen katika miaka ya 1820, kurasa za magazeti ya picha ya karne ya 19, kadi za posta za Lindi za enzi za Wajerumani, picha za dini zilizoletwa na wamisionari, na picha za rangi zilizovuka bahari kutoka Bombay pamoja na vitambaa na vyombo vya wafanyabiashara. Jambo lililotuhuzunisha ni kwamba nyingi kati ya hizo zinaharibika taratibu, na zinaharibikia mahali pale pale tulipozipa heshima.

Katika nyumba nyingi picha nzuri kuliko zote hutundikwa sebuleni, ikitazamana na mlango au dirisha kubwa, ili mgeni aione mara anapoingia. Hapo ndipo jua la asubuhi au la alasiri linapoipiga kila siku. Madhara ya mwanga hujilimbikiza: rangi iliyopauka hairudi hata picha ikipumzishwa gizani miaka mingi. Makumbusho mengi hushauri kazi za karatasi zimulikwe kwa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, ilhali jua la mchana kwetu nje hufika luksi 100,000. Kioo cha kawaida cha dirishani huzuia sehemu tu ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, wala hakizuii mwanga wenyewe, ambao nao huunguza rangi. Kamati kwa hiyo imewashauri wanachama wahamishie picha za asili kwenye ukuta wa ndani, kwenye korido au chumba kisichopigwa na jua, na waziondoe kwa zamu: picha ikikaa ukutani miezi kadhaa, ishushwe ilazwe kwenye jalada, nyingine ichukue nafasi yake. Wajenzi wa nyumba za kale za pwani walikwishaliona hili, kwani vitu vya thamani waliviweka kwenye zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa katika ukuta wa ndani, mbali na kishindo cha mlangoni.

Adui wa pili, baada ya mwanga, ni unyevu, na huyu kwetu ni mkali zaidi. Koga huanza kuota pale unyevu wa hewani unapokaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda, na katika pwani ya Mtwara na Lindi hicho ni kiwango cha kawaida kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukuta wa mawe ya matumbawe huvuta maji na chumvi kutoka chini, hivyo picha iliyobanwa moja kwa moja kwenye ukuta huo hunywa unyevu mgongoni. Tiba yake ni nyepesi: vipande viwili vya kizibo vigandishwe kwenye pembe za chini za fremu, kwa nyuma, ili hewa ipite. Ukuta wa bafu na ukuta unaopigwa na mvua usitundikwe picha ya karatasi kabisa.

Adui wa tatu ni fremu yenyewe, na hapa naomba uvumilivu wenu nieleze tulichokiona katika nyumba moja ya hapa Lindi, kwa idhini ya mwenye nyumba, ambaye ni mjukuu wa mfanyabiashara wa Kihindi. Picha yake ni ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri wa Wahindu, ya mtindo uliosambazwa sana na kiwanda cha uchapaji cha mchoraji Raja Ravi Varma kilichoanzishwa Bombay mwaka 1894. Ilitundikwa dukani kwa babu yake. Ni chapa ya jiwe, yaani litografia, ufundi uliobuniwa na Alois Senefelder nchini Ujerumani mwaka 1796 kwa kutumia tabia ya mafuta na maji kutochanganyika: mchoro huchorwa juu ya jiwe kwa wino wa mafuta, jiwe hulowanishwa, na wino wa kuchapia hushika pale penye mafuta tu. Kwa picha ya rangi kila rangi huhitaji jiwe lake, na karatasi hupitishwa kwenye mawe hayo moja baada ya jingine bila kupishana hata kidogo. Ukilitazama vazi la Lakshmi kwa karibu, kwenye mikunjo unaona waridi juu ya wekundu, na juu yake nukta ndogo ndogo zilizotiwa kwa mkono wa fundi.

Tulipoifungua fremu kwa nyuma tulikuta ubao wa hadibodi, magazeti yaliyokunjwa, na selotepu iliyogeuka kahawia na kupenya hadi mbele ya picha. Pembeni palikuwa na mstari wa kahawia unaofuata ukingo wa ubao, alama ya asidi iliyohama kutoka kwenye mbao kuingia kwenye karatasi. Kubwa zaidi, uso wa picha ulikuwa umegandamana na kioo, kwa sababu hapakuwa na nafasi yoyote kati yake, na kila msimu wa mvua jasho la kioo liliishia kwenye wino. Kijana mmoja alitaka kuibandua. Nilimzuia, na ninarudia mbele yenu: picha iliyogandamana na kioo isibanduliwe kwa nguvu wala kwa maji, kwa sababu wino hubaki kwenye kioo. Tuliondoa ubao, magazeti na takataka, tukaiacha na kioo chake, tukailaza mahali pakavu hadi atakapopatikana mtaalamu wa hifadhi ya karatasi.

Kutokana na hayo kamati imeandaa utaratibu wa fremu, na fundi seremala wetu wa Mikindani amekubali kuufuata. Kati ya picha na kioo kuwe na kadibodi iliyokatwa dirisha, isiyo na asidi, ili uso usiguse kioo. Nyuma ya picha kuwe na kadibodi nyingine ya aina hiyo kabla ya ubao wowote. Picha ishikwe juu tu kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa, ambayo hutoka kwa maji siku ikihitajika. Gundi hiyo ipakwe kidogo sana, kwa kuwa mende huipenda. Baadhi ya wanachama wamelalamika kwamba fremu ya namna hii ni ghali. Ni kweli, lakini afadhali mtu awe na picha moja iliyotunzwa kuliko ukuta mzima wa picha zinazoliwa na ubao wake.

Niongeze jambo moja kuhusu karatasi, kwa kuwa limewashangaza wengi. Hadi katikati ya karne ya 19 karatasi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na ndiyo maana chapa ya miaka ya 1600 inaweza kuwa nyeupe na imara kuliko ukurasa wa gazeti wa mwaka 1890, uliotengenezwa kwa miti ya kusaga na sasa unavunjika ukiukunja. Umri peke yake hautuambii ipi ni dhaifu.

Katika kikao cha mafunzo tulichofanya Mtwara, mwanachama wetu wa Kilwa Masoko alileta karatasi aliyozawadiwa na nduguye anayeishi Ulaya. Ilionyesha miji minne: Aden kwa juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Mchoro huo ulitoka kwa mara ya kwanza katika kitabu cha miji kilichochapishwa Köln mwaka 1572 na Georg Braun na Frans Hogenberg, nao ni miongoni mwa picha za kale zaidi za Kilwa zilizochapwa. Kila mmoja alitaka kuishika. Tuliigeuza: nyuma ilikuwa tupu, wakati kurasa za kitabu kile zina maandishi nyuma. Tuliinua kwenye mwanga: hapakuonekana mistari inayoachwa na chujio la kutengenezea karatasi, ambayo karatasi za mkono za zamani huwa nayo. Tulipapasa ukingo wa mchoro kutafuta mbonyeo unaoachwa na bamba la shaba likigandamizwa mashineni, hatukuupata. Mwisho tukaweka lenzi juu ya minara ya Kilwa, na badala ya mistari iliyochongwa tukaona nukta zilizojipanga sawasawa, dalili ya uchapaji wa kisasa kwa njia ya picha.

Mwenye karatasi alisikitika, lakini mimi sikuona sababu ya kuitoa ukutani. Nakala inayotambulishwa wazi kuwa ni nakala inaweza kukaa sebuleni kwenye mwanga, ikawaonyesha watoto jinsi Kilwa ilivyofikiriwa na watu wa mbali, bila hofu ya kuiunguza. Tunachokikataa ni kuuza au kununua nakala kwa jina la chapa ya asili, na kamati iko tayari kumsaidia mwanachama yeyote kuikagua picha kabla hajatoa fedha zake.

Suala lililojadiliwa kwa uchungu kuliko yote ni la picha za misafara ya watumwa. Wanachama kadhaa wanazo, zikiwa zimechongwa kwenye mbao na kuchapwa London katika karne ya 19, na bandari ya Kilwa Kivinje, iliyokuwa mlango mkuu wa biashara hiyo hadi mkataba wa Sultani Barghash wa Zanzibar wa mwaka 1873 uliopiga marufuku biashara hiyo baharini, na baada yake kwa magendo, ni ya kwetu. Wapo waliosema zitundikwe ili watoto wajue. Wapo waliouliza kama ni adabu kumkaribisha mgeni ale chini ya picha hiyo ilhali huenda bibi yake alipita njia ile akiwa na mnyororo. Chama hakiwezi kumwamrisha mtu nyumbani kwake. Maoni yangu ni kwamba picha hizi si pambo. Zihifadhiwe kwenye jalada, zitolewe mtu anapotaka kufundisha au kufundishwa, na ziambatane na maelezo ya nani alizichora na kwa ajili ya nani, kwa sababu mara nyingi waliozichonga hawakukanyaga pwani hii, walifuata michoro na masimulizi ya wengine, na nyuso za watu wetu walizichonga kwa kukisia. Kadhalika wapo wanachama ambao kwa imani yao hawatundiki picha za viumbe hai, na hao wametupatia makusanyo mazuri sana ya ramani, majahazi na majengo.

Naomba pia tusidharau chapa za Watanzania wenyewe. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilifundisha uchapaji wa mabamba yaliyochimbwa kwa tindikali, na miongoni mwa waliofanya kazi huko ni George Lilanga, Mmakonde wa kusini aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, ambaye wengi humjua kwa vinyago na uchoraji tu. Kwenye chapa za namna hiyo mara nyingi utakuta chini, kwa penseli, sahihi ya msanii na namba kama 5/50, maana yake ni karatasi ya tano kati ya hamsini za bamba hilo. Zipo zilizosahaulika kwenye ofisi na nyumba za watumishi wastaafu. Tukingoja ziitwe za kale ndipo tuzitafute, tutakuta zimekwisha.

Kamati imeazimia kutonunua kurasa zilizokatwa kutoka vitabu vizima kwa ajili ya kuuzwa moja moja. Anayekata kitabu hukata kwa sababu kuna mnunuzi.

Kila mwanachama anaombwa, kabla ya mkutano ujao, aandike maelezo ya kila picha yake kwa penseli laini kwenye kadibodi ya nyuma: ni chapa ya aina gani, ilipatikana wapi na lini, na ilikuwa ya nani. Kalamu ya wino isitumike. Mwaka huu tulimpoteza mzee mmoja wa chama, Mungu amrehemu, na warithi wake walituletea picha zake wakiuliza ni za nini. Tulizoweza kuzieleza ni zile tu alizokuwa ameziandikia.

Kuhusu uendeshaji, idadi ya wanachama imeongezeka kidogo, hasa vijana wa Mtwara mjini. Kwa kuwa wengi wetu fedha huzishika baada ya minada ya korosho, kamati inapendekeza ada ilipwe kati ya Oktoba na Desemba badala ya Juni. Tunapendekeza pia kununua vipimo vya unyevu vya kuazimana, na kuagiza kadibodi isiyo na asidi kwa pamoja ili bei ipungue. Mapendekezo hayo matatu yanahitaji kura yenu leo, baada ya taarifa ya Mhazini.

Naomba kuwasilisha.