Kapime presha kabla ya kubeba mimba

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila nina jambo la kukueleza na kwenye simu nilishindwa kulisema.

Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza mama kliniki yake ya presha. Tukiwa kwenye foleni nesi akaniambia, "Na wewe binti, lete mkono." Mama alikuwa na 132 kwa 84. Mimi wa miaka 28, 158 kwa 104! Akanikalisha dakika tano, nyayo sakafuni, bila kuongea, akapima tena. 156. Nikarudi siku mbili nyingine, bado juu, wakati ikifika 140 kwa 90 tayari ni presha.

Nililia kwenye bajaji njia nzima. Sikuwa nasikia chochote, shoga. Kichwa hakiumi, moyo hauendi mbio, nalala vizuri. Kumbe inaweza kukaa ndani miaka, ikila figo, moyo na mishipa ya ubongo, na wewe unajiona mzima.

Daktari aliniuliza natumia dawa gani. Nikasema hakuna. Akauliza tena, "Hata vidonge vya majira?" Navimeza mwaka wa tatu, na sikuwahi kuvihesabu kuwa dawa! Na diklofenaki ninazokunywa nikiumwa tumbo la mwezi je? Vyote viwili vinaweza kupandisha presha. Amenibadilishia njia ya uzazi wa mpango, akanipima mkojo na damu aangalie figo, maana kwa kijana chanzo lazima kitafutwe. Figo ziko salama, alhamdulillahi. Sasa nameza amlodipini, dawa ya kushusha presha, kila asubuhi. Chumvi nayo mwisho ni kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na ng'onda. Mihogo ya jioni naila bila kuinyunyizia, na bado sijaizoea.

Lakini nakuandikia kwa ajili yako. Mama yako, Mungu amrehemu, kiharusi kilimkuta hajafika hamsini. Wewe mgongo ukikuuma unakimbilia diklofenaki zile zile, na uliniambia mwaka huu mnataka mtoto. Presha isiyojulikana ikikutana na mimba inaweza kukudhuru wewe na mtoto pia. Ikijulikana mapema, kuna dawa zinazomfaa mjamzito.

Nenda kesho, hata duka la dawa lililo karibu na kwenu kama wana mashine. Usinywe kahawa kabla. Kisha nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Nazisubiri.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tanga