Picha za zamani zisigundishwe hovyo

Mhariri, naomba kanafasi. Siku hizi hapa Dodoma vijana wamechangamkia kutengeneza albamu za picha za wazazi, zile nyeusi na nyeupe, jambo zuri kabisa, ila jamani mnazigundisha hovyo! Selotepu inageuka njano na gundi ya maji inakunja picha, we kata pembe za bahasha uzifanye kona, picha inachomekwa tu na kesho unaweza kuitoa. Kurasa mi nashauri ziwe nyeusi au kijivu, halafu rangi moja tu ya kuchangamsha, hata zambarau ya zabibu zetu, maana ukijaza maua na stika za kumetameta sura ya babu haionekani tena. Majina andikeni nyuma kwa penseli laini, peni inaacha alama mpaka mbele. Na msikate orijino! Familia nyingine bado zina picha za mji huu kabla haujatangazwa makao makuu mwaka 1973, hizo skaneni kwanza, nakala ndo ikatwe, yenyewe ikae kwenye bahasha ya karatasi mbali na vumbi letu hili mnalolijua.

Msomaji wenu, Area C, Dodoma