Kabla hujanunua chochote, pima dirisha

Ahmedabad, India, 9 Oktoba

Mpendwa Saida,

Hujambo, mwenzangu? Watoto hawajambo? Mzee mguu umepoa? Mimi mzima, nashukuru, ila mikono inanuka ukwaju. Diwali, sikukuu yao ya taa, inakaribia, na katika nyumba hii ninamopanga hakuna anayekaa bure. Kila chombo cha shaba kinashushwa rafuni, kinasuguliwa kwa ukwaju, kinasuuzwa, kinaanikwa juani. Nilikuwa nimechuchumaa na chombo cha tano mkononi simu ikaanza kulia mfululizo. Picha 41, Saida! Nikadhani kuna harusi.

Nisamehe kwa kimya. Tangu Juni kila siku nasema leo naandika, leo naandika, na Faraji ni shahidi, maana ameulizia barua yako mpaka amechoka. Anaondoka Alhamisi, ataibeba yeye. Ndani ya bahasha kuna kitu, usikitupe ukidhani ni kitambaa cha kufungia. Nitakwambia mbele.

Picha zako nimezitazama zote, na usiku nikazirudia. Nimeona ukuta wa rangi ya nili, taa za Moroko zenye matundu, kochi jeupe la watu wa Skandinavia, kiwambo cha karatasi cha Kijapani, mito yenye vioo na wale tembo wawili wa mbao. Nimeelewa unachokitaka: sebule yenye Uhindi ndani yake na dunia nzima pembeni. Nimefurahi mno, kwa sababu miaka yote umekaa na kuta za watu, na sasa una zako. Lakini uliposema yule muuzaji wa mtandaoni anakupa seti kamili, pazia, zulia, mito, tembo, picha za ukutani, vyote vya namna moja, na kwamba unamlipa arubuni mwisho wa mwezi, moyo ulinipasuka. Nakuomba usimlipe bado. Nisikilize kwanza.

Ngoja nikuelezee nyumba ninamokaa. Ni nyumba ya zamani ndani ya pol, ndivyo wanavyoita mitaa ile ya mji mkongwe yenye vichochoro na lango lake. Mwenye nyumba ni bibi mmoja, sote tunamwita Ba. Ukiingia tu, kabla hujaona kiti, unakutana na bembea. Ubao mpana wa mtu kulala, umening'inia kwa minyororo minne ya shaba katikati ya chumba. Hapo Ba anachambua dengu, anapokea wageni, analala mchana. Mlangoni juu kuna toran, kitambaa cha kudariziwa chenye ndimi zinazoning'inia mfano wa majani ya mwembe, cha kumkaribisha anayeingia. Katikati ya nyumba kuna ua mdogo ulio wazi juu, na chini ya sakafu yake kuna tangi la kuhifadhia maji ya mvua.

Siku moja nikamwambia nyumba yake imepambwa vizuri. Alinitazama kama nimesema jambo la ajabu. Akaanza kunionyesha kimoja kimoja: hiki ni cha maji, hiki cha unga, hiki alikuja nacho alipoolewa. Kile kitambaa cha mraba ukutani, kilichojaa darizi, kilifungia vitu vyake vya harusi, kisha kikatundikwa. Saida, humo ndani hakuna hata kitu kimoja kilichonunuliwa kiwe pambo! Na nimekaa kwenye nyumba nyingi hapa, hakuna inayonituliza macho kama hiyo.

Nadhani siri yake inaanzia kwenye mwanga, wala si kwenye vitu. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kuna msikiti hapa mjini, wa Sidi Saiyyed, uliojengwa 1573. Huyo Sidi Saiyyed alikuwa mtu wa asili ya Uhabeshi. Mwafrika, eti, na kazi aliyoiacha ndiyo imekuwa alama ya mji mzima wa Kihindi. Madirisha yake hayana vioo, yana mawe yaliyotobolewa. Moja limechongwa mti unaojisokota, matawi yanapishana mpaka hujui lipi limeanzia wapi, na mtende kando yake, vyote vimechongwa ndani ya jiwe jembamba. Nje jua linachoma, ndani pana ubaridi, na sakafuni kimelala kivuli cha mti. Dirisha la namna hiyo wenyewe wanaliita jali. Nilipolisikia neno mara ya kwanza nilidhani wananiambia nijali, na hadi leo masikio yangu yanalisikia hivyo.

Halafu vuka mto uende kwenye jengo la chama cha wenye viwanda vya nguo, alilolichora msanifu majengo Le Corbusier, likamalizika 1954. Mzungu wa Ulaya, zege tupu, huoni maua wala darizi. Lakini upande wa magharibi ameweka bapa nene za zege zilizokaa mshazari, jua la jioni lisipenye, upepo upite. Nilisimama pale nikasema, huyu naye ameliona jali. Uhindi na dunia vimekutana mahali pamoja bila tembo hata mmoja.

Sasa wewe umeniambia sebule yako mchana ni giza na jioni ni tanuri. Halafu unataka kuipaka nili kuta zote nne! Nili inameza mwanga, mwenzangu. Katika zile picha zako dirisha ni kubwa kama ukuta, ndiyo maana rangi ile inapendeza. Kwako itakuwa pango. Weka chokaa au rangi ya maziwa ukutani, nili iache ikae kwenye kitambaa.

Na kitambaa nacho nina habari yake. Mwaka jana nilinunua soko la usiku shuka moja wakaniambia ni ajrakh halisi, kile kitambaa kinachopigwa chapa kwa mkono kwa vibao vya mbao, rupia 450. Nikafurahi, nikaiosha, maji yakawa kama wino na fulana zangu mbili zikaharibika. Nilipomwonyesha Ba alifanya jambo moja tu: aliigeuza. Upande wa pili ulikuwa mweupe, rangi imebaki juu juu. Akanionyesha na maua yake, yote yamenyooka sawasawa kama vigae. Akasema hii imetoka kwenye mashine.

Nikaona uchungu, nikapanda basi la usiku kwenda Kutch, magharibi mwa jimbo hili la Gujarat, mpaka Ajrakhpur. Kijiji chenyewe ni kipya. Tetemeko la Januari 2001 liliharibu Dhamadka, kijiji chao cha zamani, na maji yake yakawa hayafai tena kwa rangi, basi mafundi wengi wakahamia hapo. Nilikaa kutwa nzima nikimtazama fundi mmoja. Kibao cha mbao anakishika kwa mkono wa kushoto, anakichovya, anakiweka kitambaani kwa kukadiria kwa jicho, anakigonga kwa ngumi, tap, anasogea. Hapimi kwa rula. Ukiinamisha uso karibu na kitambaa unaona pale kibao kimoja kilipopakana na kingine, pana upenyo mwembamba kama unywele, mahali pengine mistari imepandana kidogo. Hiyo ndiyo saini ya mkono. Ile nyeusi yake, hutaamini, inatoka kwenye vyuma chakavu vilivyolowekwa siku nyingi na sukari guru mpaka vikachacha. Pasipotakiwa rangi wanapaka chokaa na gundi, kisha kitambaa kizima kinazamishwa kwenye pipa la nili. Kinatoka kijani, na mbele ya macho yako hewa inakigeuza buluu. Kinaoshwa, kinaanikwa, kinapigwa chapa tena, kinarudi pipani. Hatua ni zaidi ya kumi na kazi inakula wiki kadhaa.

Wenyewe wanasema chhapa, sisi tunasema chapa. Tumelichukua neno kwao na tumelisahau. Na vitambaa vya namna hii vilisafiri: vipande vya Gujarat vilivyopigwa chapa vimefukuliwa Fustat, kule Misri, vina mamia ya miaka. Ufaransa ilivipiga marufuku vitambaa vya pamba vya India vyenye maua mwaka 1686, kwa kuogopa wafumaji wake watakosa soko, na haikuviachia mpaka 1759. Kwa hiyo usihangaike unaposema unataka kuchanganya Uhindi na dunia. Vyungu vya buluu vya Jaipur unavyovipenda, vile vyenye ndege, vina ufundi wa Uajemi na sura ya Uchina, na havifinyangwi kwa udongo wa kawaida, ni unga wa mawe na wa vioo. Kule Chettinad, kusini, matajiri walijenga majumba kwa misaji ya Burma na marumaru ya Italia. Vilishachanganyika zamani.

Ila walichanganya polepole, Saida. Kitu kikaletwa na safari, kingine na harusi. Seti ya yule muuzaji imechanganywa siku moja, na mtu asiyekujua. Ndiyo maana inanikera, naomba usinione mkali.

Unauliza taa ya Moroko itakaaje na kitambaa cha Kutch? Itakaa vizuri tu, kwa sababu zote mbili zinacheza na matundu na nyota, zinaelewana. Kiwambo cha Kijapani nacho kinaelewana na mkeka na mbao zisizopakwa rangi. Kochi jeupe utalijutia, una watoto watatu. Mito yenye vioo chukua miwili, isizidi, vioo vinataka mahali patulivu ili vionekane. Tembo waache, si kwa ubaya, ila nimetafuta kazi yao sebuleni nikaikosa.

Lingine, na hili nalisema kwa uzito. Katika picha yako ya 30 na kitu kuna kizulia cha miguu chenye sura ya Ganesha. Usikinunue. Huyo ni mungu wa Wahindu, kwa watu hawa ni wa kuabudiwa, Ba anamwekea maua kila asubuhi kabla hajanywa chai, na kumkanyaga ni kuwatukana. Maua, majani, tausi, miduara, hivyo viko tele, weka chini upendavyo.

Tuje kwenye mzigo. Desemba nina begi moja la kilo 23, na nusu ni vitabu. Nitakachokuletea ni ajrakh ya dirishani, kutoka kwa yule fundi mwenyewe, bei ni karibu mara nne ya ile shuka ya uongo lakini utairithisha. Toran ya mlangoni ni zawadi yangu, usibishane. Na lota moja ya shaba, kile chombo cha maji chenye tumbo na shingo. Charles na Ray Eames, wabunifu wa Marekani, walipoitwa na serikali ya India 1958 kutoa ushauri, kati ya vitu vyote walivyoviona humu nchini walichokisifu kuliko vyote ni lota. Miaka mitatu baadaye chuo cha kitaifa cha ubunifu kikaanzishwa hapahapa Ahmedabad. Wewe lako utalitia maji au maua, kazi italipata lenyewe.

Lakini siwezi kununua kitambaa bila vipimo, na hapa ndipo narudi dirishani. Pima upana na urefu, kisha ongeza nusu ya upana ili kiwe na mikunjo. Linatazama magharibi au kaskazini magharibi? Jua linaingia saa ngapi na linaishia wapi, kwenye kochi au ukutani? Nondo zake ni za mraba au fundi aliweka maua? Kama kuna matofali ya matundu juu ya dirisha, yale ya kupitisha hewa, tafadhali usiyazibe, hilo ni jali lako na tayari unalo!

Na lile sanduku la bibi yako lenye misumari ya shaba liko wapi? Mara ya mwisho nililiona kwa Mwanaidi limewekewa magunia. Unaweza kulidai? Ile mikeka je, aliyokupa shangazi? Mzee anasemaje kuhusu bembea, dari itabeba? Umemwuliza fundi Hamadi? Na ukweli wako, katika zile picha 41, ni ipi uliirudia mara nyingi zaidi bila kujua kwa nini? Nitumie hiyo moja tu, nami nitajua niendako sokoni.

Kilichomo ndani ya bahasha ni kipande cha ajrakh, shubiri mbili hivi, fundi alikikata pembeni mwa shuka iliyokosewa akanipa. Kibane dirishani kwa vibanio vya nguo. Kitazame asubuhi, kitazame saa kumi jioni jua likikipiga kwa nyuma, kwa siku saba. Ba ananiita, kuna shaba nyingine. Arubuni je, hujalipa? Nijibu hilo kabla ya yote, hata kwa neno moja.

Wako akupendaye,
Mwanaisha