Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali: ile simu uliyotuahidi haipokelewi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu. Natumaini Alhamisi iliyopita ulilala salama. Mimi nilikesha kwenye benchi la mapokezi, mwanangu mapajani, anatapika hadi nyongo.

Mwanangu ana maji kwenye ubongo. Mpira aliowekewa unaanzia ndani ya kichwa, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio na kushuka hadi tumboni, maji yamwagikie huko. Huu ni wa pili, wa kwanza uliziba. Kwa watoto, takribani nusu ya mipira hii huharibika ndani ya miaka miwili. Hilo nalijua, sigombani na mpira.

Nagomba kwa sababu nilisema mapema. Nilimwambia muuguzi: utosi umevimba, umekaza hata akiwa amekaa na halii, macho yanashuka, weupe umebaki juu, na usingizi huu si usingizi. Nikajibiwa, "Mama, tumbo limechafuka tu, subiri foleni." Akapewa dawa ya kuzuia kutapika. Akaitapika nayo.

Daktari wa upasuaji alipofika alfajiri aligusa utosi, akaanza kukimbia. Mbio hizo ndizo nilizokuwa nazitafuta tangu saa kumi jioni.

Sasa wanasema vijidudu vimeingia. Mpira umetolewa, maji yanatoka kwa mrija kwenda kwenye mfuko pembeni ya kitanda, na sindano za antibiotiki haziishi. Vimeingiaje? Mimi nahisi ni kile kidonda cha upasuaji wa mpira kilichokuwa kinavuja, tukaruhusiwa hivyo hivyo kwa kuwa vitanda vimejaa. Labda nakosea. Hakuna aliyenieleza.

Mheshimiwa, kwenye kikao cha wazazi ulisimama mwenyewe ukaahidi: mtoto mwenye mpira hapangi foleni, na wodi itakuwa na simu usiku na mchana. Tukakupigia makofi. Kadi yenye namba hiyo ninayo, ina alama nyekundu, inang'aa kweli kweli. Usiku ule nilipiga mara 11.

Nilitaka kuandika na habari ya skani, na ya dada wa mapokezi aliyesema nina kelele. Nayaacha. Naomba simu. Mwekeni mtu mmoja aipokee, hata akisema tu, "Mlete, tunamsubiri." Simu tu, mheshimiwa.

Wako,
Mama wa mtoto wa kitanda namba 9