YAH: MALALAMIKO KUHUSU MOSHI WA BOILA NA JINSI NILIVYOJIBIWA OFISINI KWENU

Kwa Meneja Mkuu,

Salaam. Barua yangu ya kwanza mnayo, ya pili mnayo, na sera yenu ya mazingira mmeitundika wenyewe pale mapokezi ndani ya fremu ya kioo. Kwa hiyo sitawachosha na utangulizi. Ninaandika kwa sababu ya kibakuli cha sukari.

Jumanne iliyopita nilikaa mbele ya ofisa uhusiano wenu nikiwa na bahasha ya majibu ya hospitali ya kisukari changu. Kabla sijaifungua, alisogeza kibakuli cha sukari kilichokuwa mezani mpaka mbele yangu, akasema: "Mama, adui yako huyu hapa, si bomba letu la moshi." Wenzake wawili wakacheka. Bahasha nikarudi nayo nyumbani ilivyo.

Siku ile sauti ilinikauka, basi leo namjibu kwa maandishi. Sijadai kuwa moshi wenu peke yake ndio ulionipa kisukari. Daktari alinitajia umri, uzito na damu ya ukoo, nami nimeyakubali yote. Lakini nimevuta hewa yenu miaka 11, usiku na mchana. Chembe za moshi zisizozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hazinaswi puani. Zinateremka hadi ndani kabisa ya mapafu, na zile ndogo kupita zote hupenya kwenye damu. Mwili unakaa na uvimbe wa ndani kwa ndani, insulini, ile homoni ya kuingiza sukari kwenye seli, ipo lakini seli haziitikii, na sukari inabaki ikizunguka kwenye damu. Watafiti waliofuatilia wanajeshi wastaafu wa Marekani wapatao milioni 1.7 walitoa makadirio yao mwaka 2018: katika mwaka 2016 pekee, wagonjwa wapya wa kisukari milioni 3.2 duniani walitokana na chembe hizo. Hao nao walizidisha sukari kwenye chai?

Ofisa wenu alisema pia kuwa mko "ndani ya viwango". Vya lini? Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka cha chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na hiyo ilikuwa 2021. Nileteeni vipimo vyenu, si maneno.

Nilisahau kusema: miezi miwili kabla ya hiyo Jumanne, fundi wenu wa zamu ya usiku aliniambia getini kuwa chujio la bomba limeziba tangu mwaka jana. Shuka niliyoanika jioni naianua asubuhi ina masizi. Ukipitisha kidole, unachora mstari. Na hayo masizi ndiyo afadhali, maana nayaona.

Narudi kwenye kile kibakuli, kwa sababu sijalala vizuri tangu siku ile. Alikisukuma kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayemchezea mtoto. Kisha, baada ya kunionyesha adui yangu, akachota vijiko viwili, akatia kwenye kikombe chake, akakoroga huku akinitazama. "Adui yako huyu hapa." Mimi ninayejitoboa kidole kila asubuhi.

Nilikuwa nakuja kuomba mambo mawili tu: chujio libadilishwe na ofisa huyo aniombe radhi. Sasa hayatoshi. Nataka radhi kwa maandishi, yenye sahihi yako wewe Meneja. Nataka vipimo vya hewa vibandikwe getini kila mwezi, na majirani wote wa ukuta wenu wapimwe sukari kwa gharama zenu. Mna siku 14. Zikipita, bahasha hii pamoja na picha za shuka zitafika kwa mamlaka ya mazingira, na nakala kwa wakili. Majirani 23 wameshaweka sahihi, na karatasi bado inazunguka.

Mimi,
Mkazi wa nyumba ya tatu kutoka ukuta wenu