Matairi niliyoagiza hayakuwa na meno

Kiboswa,
19 Mei.

Kwa Meneja,
Duka la Baiskeli na Vipuri,
Kisumu.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: MATAIRI YA MENO NILIYOFUNGIWA BILA KUULIZWA

Natumai u mzima na biashara yako inakwenda vizuri, maana yangu imeyumba. Ninakuandikia kwa heshima. Barua mbili za kwanza nilizichana kwa sababu hazikuwa nayo.

Nakala ya risiti nimeiambatisha. Kile kipengele cha kurudisha bidhaa ndani ya siku 7 kilicho nyuma yake mlikitunga wenyewe, kwa hivyo sitamaliza wino nikikusomea.

Nianzie kaunta. Jumamosi tarehe 9, baada ya saa tisa alasiri, nilikuja kuchukua baiskeli niliyoiacha kwenu asubuhi. Nilikuwa nimeshalipa kwa simu, tangu Alhamisi, shilingi 3,600: matairi mawili ya inchi 26 kwa 1.5, yasiyo na meno, pamoja na kufungiwa. Nikaikuta imesimama pale mlangoni na matairi ya 1.95, meno yamejipanga kama mahindi kwenye gunzi. Nikauliza kwa upole kama kuna aliyekosea. Kijana wenu wa kaunta akacheka. Akaokota tairi langu kuukuu sakafuni, akalivaa shingoni kama shada la bwana harusi, akawageukia wateja: "Jaduong' anataka kipara! Mzee, ukitaka kufa, usifie kwenye risiti yetu." Duka zima likaangua kicheko.

Nina miaka 58, Bwana Meneja. Nilianza kubeba abiria kwa baiskeli kule Busia mwaka 1989, ukiita "boda, boda" mpakani mpaka sauti inakauka, na siku hizo boda boda ilikuwa kanyagio na kiti cha sponji, si pikipiki. Leo napeleka mayai kwenye hoteli za Kisumu, trei 12 kwa safari, kutoka hapa Kiboswa kuteremka mlima wa Riat hadi Mamboleo na mjini. Lami tupu. Mtu akiniambia sijui tairi gani linafaa lami, namsamehe iwapo hajawachekesha watu juu yangu kwanza.

Kwa kuwa kijana wenu anauza matairi na hakupata wa kumfunza, acha nimfunze bure. Tairi la gari ni pana, limelala bapa barabarani, na upepo wake ni kama 30 kwa kipimo cha pampu (psi). Maji yakijaa barabarani huweza kuingia chini yake yakalibeba, ndiyo sababu likachongewa mifereji ya kuyatoa. Tairi la baiskeli ni jembamba, lina mgongo wa mviringo, na mimi langu hulijaza upepo hadi 70. Linayapasua maji kama pua ya mtumbwi. Mpwa wangu anayefundisha fizikia alinipigia hesabu kwa kanuni waliyoitunga watu wa ndege: kwa upepo huo, ili maji yalibebe tairi langu, sharti niwe nakimbia karibu kilomita 140 kwa saa. Nikiwa na mayai! Waendeshaji wa Tour de France huteremka milima ya Alps mvua ikinyesha, na matairi yao hayana meno ya namna hiyo.

Sasa meno hufanya nini kwenye lami? Hupinda. Ukilala kwenye kona, kila jino hujikunja upande wake, kama mtu aliyevaa viatu vya visigino virefu kwenye sakafu ya vigae. Na kati ya jino na jino hakuna kitu, ni hewa. Nilipaka masizi ya sufuria tairi la baiskeli ya jirani, lisilo na meno, nikaligandamiza kwenye boksi la mayai. Likaacha alama moja nzima, kama jani la mwarobaini. Nikapaka lenu. Likaacha madoa madoa, ungedhani kuku amepita. Vipande vyote viwili vya boksi vimo kwenye bahasha hii. Vitundike hapo kaunta.

Sisemi meno hayana kazi. Udongo mweusi wa tambarare za Kano ukilowa, au hata kile kichochoro changu cha kutoka lami hadi kwenye banda la kuku, meno huzama yakashika. Mtu wa huko muuzie. Lami haizamiki, na mimi niliwaambia Alhamisi, kwa simu, tena mara mbili, kwamba ni ya lami. Mkaandika kwenye risiti "bila meno". Ni mwandiko wenu.

Jumanne ndipo nilipoanguka. Jumatatu nilikuwa nimekuja kwenu, nitaisema hiyo pia, lakini Jumanne mvua ilininasa juu ya Riat. Tangu Jumapili yale matairi yalikuwa yakivuma kama mzinga wa nyuki, baiskeli inatetemeka, mayai yanagongana kwenye trei. Kurudi kwangu, mlima ninaoupanda kila siku nikipiga mluzi niliupanda nikihema. Jumanne hiyo, kwenye kona ya kuteremka, sikuwa na kasi. Nilihisi tairi la nyuma likilegea chini yangu, kama mtu aliyekanyaga mchanga juu ya saruji, kisha likaenda upande. Nikaangukia kiwiko. Trei tatu zikawa uji barabarani, mwendesha pikipiki akasimama kuniinua, na kitu cha kwanza nilichosikia kichwani si maumivu. Ni lile neno: usifie kwenye risiti yetu.

Nirudi kwenye lile neno, kwa sababu mara ya kwanza sikukueleza yote.

Alipolivaa lile tairi, hakulitoa mara moja. Alitembea nalo. Alitoka nyuma ya kaunta, akapita kwa mama mmoja aliyekuja kununua tyubu, akazunguka kwenye kapu la pampu, akapitisha kidole juu ya tairi na kusema, "Tazameni, laini kama upara wake." Mimi kweli nina upara. Yule mama ananunua mayai kwangu kila Ijumaa. Alicheka, halafu akainama akijifanya anatafuta chenji. Mimi nimesimama na helmeti mkononi, sijui niivae nifiche kichwa au niache. Kijana ana umri wa mtoto wangu wa mwisho. Na ukutani mwenu, juu ya kichwa chake, pameandikwa "Mteja ni Mfalme".

Wewe, Bwana Meneja, ulikuwemo. Kupitia kile kioo cha ofisi uliinua macho, ukatazama, nikadhani sasa atatoka. Ukatabasamu ukarudi kwenye simu yako. Hilo sikuliandika kule juu kwa kuwa nilikuwa bado nakupa nafasi.

Nilichukua baiskeli siku ile kwa sababu oda za Jumapili hazingoji na matairi yangu ya zamani yalikuwa yamefika kwenye nyuzi. Jumatatu nikarudi, siku ya pili kati ya zile 7 zenu. Nikaambiwa yameshagusa barabara, kwa hivyo si mapya tena, hayarudi. Yaguse nini, Bwana Meneja, ikiwa mmenifungia nyinyi wenyewe kitu ambacho sikuagiza? Nikaomba nikuone. Nikaambiwa uko mkutanoni. Ulikuwa unakula chapati, nakuona.

Ninayoomba ni haya. Mniletee matairi niliyolipia na mchukue ya kwenu, na mkifunga, fundi afunge nikiwa nimesimama hapo. Mnilipe trei tatu, shilingi 1,200. Kijana aniombe radhi. Nawapa siku 14.

Nimeisoma tena barua hii kabla ya kuikunja, na hapo kwenye chapati nimeghairi. Sitaki matairi yenu tena, ya meno wala ya kipara, nitanunua kwingine. Nataka shilingi 3,600 zangu zote na 1,200 za mayai, jumla 4,800, kwa njia ileile niliyolipia. Radhi sitaki ya pembeni wala ya kwenye simu. Aniombe palepale aliponitukania, Jumamosi, saa zilezile duka likiwa limejaa, na wewe uwe umetoka nje ya hicho kioo. Na siku 14 ni nyingi mno. Nawapa 7, kama zenu za nyuma ya risiti.

Zikipita, sitakuja kupiga kelele dukani. Nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Huko sihitaji wakili, kiwango chake ni hadi shilingi milioni moja, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60. Nitabeba risiti yenye neno "bila meno" kwa mwandiko wenu, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinachonipa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo ya kuniwezesha kuzitumia vyema. Nitambebea hakimu na maboksi yangu ya masizi, kwa hivyo tafadhali yale mawili msiyatupe. Yule mama wa Ijumaa nimeshamuuliza kama atakuwa shahidi wangu. Amekubali, na aliniomba msamaha kabla sijamaliza kuuliza. Wapanda baiskeli wa Kondele, Mamboleo na Kiboswa wanaonunua spoki na tyubu kwenu kwa maneno yangu nao nitawaeleza, mmoja mmoja, nikiwa na kiwiko hiki kilichofungwa bendeji.

Jumamosi hii, saa tisa, nitakuwa kaunta. Baiskeli nitakuja nayo ikiwa na matairi yenu, hamtanidai hata nati. Helmeti nitaivua mlangoni.

Wako mwaminifu,

Muuza mayai, Kiboswa
(Jina, sahihi na nambari ya simu viko kwenye risiti)